Kalamu ya mgonjwa

Siku hizi tunasikia mara nyingi, katika mikutano ya wakatekista na katika mafundisho juu ya afya, neno hili: mgonjwa aandike habari ya ugonjwa wake, watu waisome, na aibu itakwisha. Neno hilo linasemwa zaidi juu ya sida, lakini linasemwa vile vile juu ya ukoma, juu ya kifafa, juu ya kifua kikuu na juu ya magonjwa ya akili. Wengine wanaliamini kabisa. Wengine wanalikataa, wakisema: Hiyo ni desturi ya Wazungu, kwetu mtu hatoi mambo ya nyumba inje. Sisi tumesoma maandiko machache ya namna hiyo, ya inchi jirani na ya mbali, na tunataka kuyapima hapa mbele yenu. Walimu wetu wa filozofia walitufundisha neno moja dogo la Kilatini, distinguo, maana yake: napambanua. Leo neno hilo litatufaa.

Lakini kwanza yatupasa kuungama kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufanya tuanze kusoma.

I. Kaye ya mama mmoja

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukitumikia parokia moja ya mji huu wa Lubumbashi. Mama mmoja mjane, mshonaji wa nguo, alikuwa akitumia dawa za sida tangu muda mrefu. Siku moja alituletea kaye ya shule. Alikuwa ameiandika usiku, watoto wakisha kulala, kwa biki, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, bila nukta wala herufi kubwa, na maneno machache ya Kifaransa cha lopitalo katikati. Hakuandika mambo makubwa. Aliandika namna wifi yake alivyofunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kimoja, ili watu wote wa nyumba wajue ni kikombe cha nani. Aliandika kwamba miezi mitatu alikunywa katika kikombe kile bila kusema neno. Na siku alipokata uzi kwa makasi yake ya kazi, mkono wake ulitetemeka kuliko siku munganga alipomjulisha hali ya damu yake.

Tulisoma, tukaguswa sana. Ikafika tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Papa Yohane Paulo II aliiweka mwaka 1992. Katika mahubiri tukasoma kurasa mbili za kaye ile. Hatukutaja jina. Tulifikiri kwamba tunafanya kazi nzuri: watu watasikia, watajua kwamba sida haipiti katika kikombe, nao watatubu.

Lakini uzi ule mwekundu ulikuwa sawa na jina. Wifi alikuwa kanisani. Majirani walikuwa kanisani. Kabla Kwarezima haijaisha, wateja wawili wa zamani wakaja kuchukua vitambaa vyao visivyoshonwa bado. Mama akatujia, bila hasira, akasema: «Padri, ile kaye nilipatia weye. Sikupatia batu bote.» Akaomba kaye yake, akaenda.

Neno lile lilituuma, na linatuuma hata leo. Tangu siku ile, kila mara tunaposoma andiko la mgonjwa tunaliuliza swali moja: mwenye kalamu alimpa nani? Na mlango wa inje, nani aliufungua? Tutaona kwamba swali hilo ndilo linalopambanua andiko linaloondoa aibu na andiko linaloiongeza.

II. Je, ni desturi ya kigeni?

Tuanze na wale wanaosema kwamba kuandika hali ya ugonjwa ni jambo la Wazungu. Hawa hawajasoma mashairi ya Kiswahili. Karibu mwaka 1858, pwani ya kaskazini ya inchi ya Kenya ya leo, mama mmoja Mwislamu mzaliwa wa Pate, jina lake Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siu, alimtungia binti yake utenzi wa beti mia moja hivi. Watu wengi wanaujua utenzi huo kama mafundisho kwa mke jinsi ya kumtunza mumewe, nao hukoma hapo. Lakini tazameni namna unavyoanza. Mama anamwita mtoto akae karibu, alete wino na karatasi. Anamweleza kwamba ugonjwa umemshika mwaka mzima, hata hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Ndipo anaanza kufundisha, naye anamaliza kwa sala ndefu. Karibu mwaka 1860 alifariki.

Basi yafaa tupime mambo mawili katika utenzi huo. Jambo la kwanza: ugonjwa ndio sababu ya kuandika, lakini sio habari yenyewe. Mwana Kupona hatuelezi maumivu yake. Hata jina la ugonjwa hatupati. Anabaki mama, anabaki mwalimu, anabaki mtu wa sala. Na aibu, tukiichunguza vema, ni nini? Ni kumfanya mtu asiwe kitu kingine ila ugonjwa wake tu. Yule hawi tena fundi, wala mama, wala mwimbaji wa koro; anakuwa «yule wa sida», «yule mkoma». Mgonjwa anayeandika kama mama kwa mtoto wake amekwisha kukataa jambo hilo, hata kama hakuutaja ugonjwa kwa neno moja.

Jambo la pili: msomaji wake wa kwanza ni mmoja, ni binti yake. Lakini mbele katika utenzi Mwana Kupona mwenyewe anawaita wanawake wengine wausome, waelewe. Ni yeye aliyeufungua mlango wa inje. Hakuna mwalimu wala sheki aliyechukua karatasi ya binti na kuisoma barazani bila ruhusa.

Wala mji wetu sio mgeni katika mambo hayo. Mwaka 1965 kitabu kidogo cha historia ya Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav, kilitolewa kwa jina la watumishi wa nyumbani wa zamani, kwa Kiswahili kile kile kinachosemwa katika mitaa yetu. Watu ambao wengine walizoea kusema juu yao walisema wenyewe juu yao. Kitabu hicho hakihusu ugonjwa. Lakini kinatosha kuonyesha kwamba mtu wa Lubumbashi, hata asiye na diploma, anajua kuchukua kalamu pale anapochoka kusemewa na wengine. Kaye ya mama yule ni ya ukoo huo.

III. Vitabu vya ukumbusho vya Uganda

Sasa twende Uganda, kwa sababu huko, kuliko mahali pengine karibu yetu, wagonjwa waliandika. Sida ilitambulikana huko mwaka 1982, upande wa Rakai, kwenye ziwa Nyanza. Watu waliiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, kwa sababu ya namna ilivyoukausha mwili. Mwaka 1987 Mama Noerine Kaleeba, ambaye mumewe Christopher alifariki mwezi wa Januari mwaka ule, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO la kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao. Mwaka 1991 kikatoka kitabu chake, We Miss You All, maana yake: Tunawakumbuka ninyi nyote. Kichwa hicho kinatosha kuonyesha roho yake: mwandishi hasimami peke yake kama shujaa, anasimama katikati ya wafu wake na wagonjwa wake.

Katika miaka ya 1990 wamama wenye virusi, waliokusanyika katika shirika la NACWOLA lililoanzishwa mwaka 1992, wakaanza kutengeneza vitabu vya ukumbusho. Mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo, Mama Beatrice Were, mjane, aliandika naye kwa ajili ya watoto wake. Kitabu cha ukumbusho ni kitu rahisi: mama anamwandikia mtoto wake habari za ukoo, kijiji cha babu, namna alivyozaliwa, chakula alichopenda, namna alivyocheka, imani ya nyumba, matumaini ya mama, na katikati ya hayo, hali ya afya ya mama na ukweli wa ugonjwa wake. Anabandika picha, ikiwa anayo. Wengi waliandika huku wakifikiri kwamba watakufa karibuni, kwa maana dawa za kupunguza virusi zilikuwa mbali sana na mikono ya maskini wa Afrika.

Tunavisifu vitabu hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, vinamjulisha mtoto ukweli kwa kinywa cha mama yake, kabla hajausikia kisimani kwa kinywa cha mchokozi. Anayeusikia kwa mama anaupokea pamoja na upendo. Anayeusikia kwa mchokozi anaupokea pamoja na sumu. Pili, ndani yake ugonjwa ni ukurasa mmoja kati ya kurasa nyingi, kama kwa Mwana Kupona. Msomaji akifunga kitabu amemjua mtu, hakujua ugonjwa tu.

Lakini kusifu bila kupima sio kazi ya mtu aliyesoma. Vitabu hivyo vina kasoro. Mara nyingi vichwa vya kurasa vimekwisha kuchapwa mbele, na mama anajaza tu: hapa andika juu ya baba, hapa juu ya desturi za jamaa. Maisha ya mtu hayaingii yote katika vijumba vya namna hiyo. Kaye ya mshonaji wetu haikuwa na vichwa, na kwa hiyo uzi mwekundu ulipata nafasi. Katika kitabu kilichochapwa labda usingepata pa kukaa. Tena, vitabu hivyo vilizaliwa kama maneno ya kuagana. Baadaye, kuanzia mwaka 2003 na 2004, dawa zilianza kuwafikia watu wa kawaida katika inchi zetu. Mama Beatrice Were alijua mwaka 1991 kwamba ana virusi. Mwaka 2005 alikuwa angali akisimama mbele ya watu kutetea haki za wanawake. Leo mwenye virusi anayefwata dawa vizuri anaweza kuzeeka, na virusi vyake vikishuka hata visionekane katika damu, hamwambukizi mwenzake wa ndoa. Andiko la leo halipaswi tena kuwa na harufu ya kaburi. Anayemfundisha mgonjwa kuandika kana kwamba anakufa kesho anamrudishia, bila kujua, ile hukumu ambayo dawa zimemwondolea.

Kuna na jambo la tatu. Mwandishi Mswedi Henning Mankell alifika Uganda akavisoma vitabu hivyo, na mwaka 2003 akatoa kitabu chenye kichwa kinachosema kwamba mimi ninakufa lakini ukumbusho unaishi. Anasimulia juu ya msichana aliyemwonyesha mwembe mchanga anaoutunza, naye haufichi woga wake mwenyewe mbele ya kifo. Ni mtu mwenye heshima, anayejua kwamba ni mgeni. Lakini kwa njia yake karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja zilianza kusomwa na watu wa mbali ambao mtoto hatawajua kamwe. Hatusemi kwamba ni vibaya. Twasema kwamba ni tendo jingine, nalo ladai ruhusa nyingine. Mama akisema ndiyo kwa mtoto wake, hajasema ndiyo kwa Ulaya. Mshonaji wetu alisema ndiyo kwa padri wake, hakusema ndiyo kwa parokia.

IV. Yule anayesema «ninyi» na yule anayesema «mimi»

Wengi wetu tunakumbuka wimbo wa Franco Luambo Makiadi juu ya sida, uliotoka mwaka 1987, kwa Kilingala na Kifaransa. Ulichezwa katika inchi nzima. Kama mahubiri ni mahubiri yenye nguvu: Franco anawaonya vijana, wazazi, waalimu, waganga, wakubwa wa serikali, kila mtu na kazi yake. Wimbo huo ulifanya mema. Uliwaamsha watu saa ambayo wengi walikuwa wakicheka. Lakini tuusikilize kama wapimaji: ndani yake anayesema anasimama inje ya ugonjwa, na mgonjwa ni yule mwingine. Mahubiri yetu mengi juu ya sida yanafanana na wimbo huo. Tunasema «jihadharini», na mgonjwa aliyeketi kwenye benchi la tatu anasikia kwamba yeye ndiye kitu cha kujihadhari nacho.

Mwaka 1989 mwimbaji mwingine, Philly Lutaaya wa Uganda, aliyekuwa akikaa Sweden, alirudi kwao akasema mbele ya watu wote: mimi ninayo. Akatunga wimbo juu ya upweke wake, akazunguka katika mashule na makanisa. Tarehe 15 Desemba mwaka ule ule akafariki, mwenye miaka 38. Sasa angalieni jambo hili, kwa maana wapenzi wa ushuhuda hawalisemi: wengi hawakumwamini. Walisema kwamba anadanganya, kwamba anatafuta feza, kwamba mtu mwenye sida hawezi kusimama na kuimba. Ilimbidi mwili wake ukonde mbele ya macho yao ndipo wakasadiki. Kwa hiyo kalamu peke yake haiondoi aibu. Aibu haikai moyoni mwa mgonjwa tu, inakaa machoni mwa msomaji. Na kama msomaji hataki kuponywa, mwandishi atakufa akiitwa mwongo.

Mwaka 1992 padri wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alisema wazi kwamba ana virusi, naye akabaki katika utumishi wake. Tunalisema hilo kwa ajili yenu, waseminari na mapadri, kwa sababu katika nyumba zetu tunazoea kusema juu ya wagonjwa kana kwamba wote wako upande wa pili wa altare. Sivyo ilivyo. Na yule ndugu aliye kati yetu, anayekunywa dawa zake usiku mlango ukiwa umefungwa, hatungojei mahubiri yetu. Anangojea kuona kama kikombe chake kitafungwa uzi.

V. «Sisi wakoma»

Hapo tunamkumbuka mtakatifu Damien, Mbelgiji mzaliwa wa Tremelo, ambaye alifika kisiwani Molokai tarehe 10 Mei 1873 kuwatumikia wakoma waliotengwa. Katika barua zake tunapata jambo la ajabu. Tangu mwaka ule wa kwanza, mwili wake ukiwa mzima kabisa, alimwandikia ndugu yake kwamba akihubiri hawaiti «ndugu zangu» kutoka juu, ila anasema «sisi wakoma». Miaka kumi na zaidi ikapita ndipo ugonjwa ukamshika kweli. Mwaka 1885 ulithibitishwa. Tarehe 15 Aprili 1889 alifariki, na Papa Benedikto XVI akamtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Pambanueni, ndugu. Franco anasema «ninyi». Lutaaya anasema «mimi», na inamgharimu. Damien anasema «sisi» kabla ya kulazimishwa na mwili wake. Ndilo neno linalomruhusu mgonjwa kusema «mimi» bila kuogopa, kwa kuwa mtu mwingine amekwisha kumsogelea.

Lakini barua hizo hizo zina upande mwingine, ambao sisi, kwa sababu ya kosa letu, tuliusoma kwa uchungu. Ndugu yake Pamphile, padri wa shirika lile lile, aliziona barua ni nzuri, zikachapwa. Nia ilikuwa njema, kama ilivyokuwa nia yetu. Damien alipojua, alimwandikia kwamba hapendi jambo hilo hata kidogo, kwamba alitaka asijulikane na dunia, na sasa watu wanasema juu yake kila mahali. Hata mtakatifu aliyetoa mwili wake wote alitaka kulinda mlango wa barua zake.

Na sifa ile haikumkinga. Miezi michache baada ya kifo chake, mchungaji mmoja wa Honolulu, Dr. Hyde, aliandika kwamba Damien alikuwa mtu mchafu, na kwamba ukoma wake ulitoka katika ufisadi wake. Ndiyo hukumu ya kale: anaugua, basi ametenda dhambi. Mwaka 1890 Robert Louis Stevenson, Mprotestanti, ambaye mwenyewe aliugua kifua tangu utoto, alimjibu kwa barua ya wazi. Barua ile ni kali, pengine kali mno. Lakini haimfanyi Damien kuwa malaika. Inakubali kasoro zake, tena inaonyesha kwamba katikati ya kasoro hizo alibaki pale ambapo wengine hawakwenda. Tunaipenda kwa sababu hiyo: mgonjwa hahitaji kuwa mkamilifu ili astahili heshima. Tukiwapokea wale tu «walioambukizwa bila kosa», tumebakiza aibu yote kwa wengine. Leo ukoma unapona kwa dawa za pamoja zinazotolewa tangu miaka ya 1980; na hata hivyo kuna waliopona ambao hawajarudi kukaa na jamaa zao. Dawa inaponya ngozi. Haiponyi macho ya jirani.

VI. Maandiko Matakatifu

Mtu atatuuliza: Je, Biblia inasema nini juu ya mgonjwa kujitangaza? Inasema mambo matatu, tusiyachanganye.

Katika Mambo ya Walawi (13, 45) mkoma analazimishwa kupaza sauti na kujiita najisi. Huo nao ni ushuhuda! Mgonjwa anasema kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini maneno sio yake, amewekewa, na mwisho wake ni kukaa inje ya kambi. Kila mara tunapomsukuma mgonjwa asimame mbele ya watu kwa faida ya semina yetu, au ili wafazili waone matunda ya feza yao, tunamrudisha kwenye sheria ile, hata tukimpigia makofi.

Katika Injili ya Marko (1, 40-45) Bwana Yezu anamponya mkoma kisha anamwagiza asimwambie mtu. Yule anasema, na kwa sababu hiyo Yezu mwenyewe hawezi tena kuingia mjini waziwazi. Anakaa inje, mahali pasipo watu, kana kwamba amechukua nafasi ya mkoma. Basi kunyamaza sio kila mara woga. Kuna wakati wa kunyamaza ambao Bwana mwenyewe aliutaka.

Katika Injili ile ile (5, 25-34) mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili anasema ukweli wote. Watu wengi wanasukumana pale. Lakini Injili inasema kwamba alianguka mbele ya Yezu, akamwambia yeye. Na jibu la kwanza la Yezu sio fundisho kwa umati. Ni neno moja: Binti. Hajamfanya mfano, amemfanya jamaa. Hapo ndipo aibu inapokufa: ukweli unapotoka kwa hiari na kupokelewa na mtu anayejibu kwa jina la ukoo.

Tena mtume Paulo anawakumbusha Wagalata (4, 13-14) kwamba aliwahubiri mara ya kwanza kwa sababu ya ugonjwa wa mwili, nao hawakumdharau. Hataji ugonjwa gani. Wafafanuzi wanabishana mpaka leo. Lakini anawasifu wasomaji wake, nayo ndiyo sifa tunayoitamani kwa parokia zetu.

VII. Basi tufanye nini?

Tumalizie kwa kupambanua, kama tulivyoahidi. Je, kuandika kwa mgonjwa kunaondoa aibu? Twajibu: kama kalamu ni yake, na msomaji amemchagua yeye, na mlango wa inje ameufungua yeye kwa saa yake, concedo, nakubali. Kama anaandika kwa amri yetu, kwa vichwa vyetu, ili sisi tupate mahubiri, nego, nakataa.

Kwa hiyo twawashauri mambo machache. Mtu akikuletea kaye yake, mwulize kabla hujaifungua: Ni yangu peke yangu, au ya nani mwingine? Baada ya mwezi mwulize tena, kwa maana anaweza kubadili nia. Usifikiri kwamba kuficha jina kunatosha. Mtaani kwetu uzi, cherehani, au kikohozi cha mtoto ni jina. Kumbukeni vile vile kwamba sheria ya inchi yetu ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wenye virusi; mtu wa Kanisa asiwe wa kwanza kuikanyaga. Usisahihishe Kiswahili cha mgonjwa hata kipotee. Ukisafisha maneno yake yote, utabaki na maneno yako. Na zaidi ya yote, tuwatayarishe wasomaji kabla ya kuwatafuta waandishi. Katekista anayekunywa katika kikombe kimoja na mgonjwa bila kukiosha mara tatu amefanya kazi kuliko kurasa kumi.

Sisi tulikwenda nyumbani kwa mama yule kumwomba radhi. Mahubiri yetu yalikuwa mbele ya watu, kwa hiyo tulimwuliza kama anataka tuombe radhi mbele ya watu vile vile. Akafikiri, akakataa: alisema kwamba tukisema tena, watakumbuka tena. Hapo tulielewa kwamba hata toba yetu ilikuwa karibu kumwibia mara ya pili.

Alitupa kiti, akatupa chai katika kikombe. Wateja wengine walikuwa wamerudi, wengine hawakurudi. Kabla hatujatoka tulimwuliza kama bado anaandika. Akasema ndiyo, usiku. Hatukuomba kuona.